Fyuzi Zilizo Ndani: Maelezo ya Mlinzi wa Kituo cha Umeme

Jina: Kazini naitwa Bubu
Umri: Miaka 23
Elimu: Darasa la nne
Kazi: Mlinzi, kituo cha kupozea umeme
Makazi: Chumba cha uani kwa dada yangu, nyuma ya kituo hicho

Afande, nilishasema tangu mlangoni: leo saa kumi jioni wanawasha tena umeme uliozimwa jana, na makasha mengine mawili yamevimba. Umesema nifuate mpangilio. Haya, nafuata.

Ndani ya uzio kuna rafu za kapasita, makasha ya chuma yanayosaidia umeme usilegee njiani. Zamani kila kasha lilikuwa na fyuzi yake nje. Ikikatika, mkia wake wa waya unaning'inia, hata sisi tusiosoma tunaona. Kila asubuhi nilihesabu mikia, nikaandika kitabuni.

Miezi minne iliyopita yakaletwa makasha mapya, fyuzi ziko ndani. Shemeji, mume wa dada, ni fundi palepale. Akasema si mabaya, fyuzi moja ya ndani ikikatika kasha linaendelea na kazi, ila lazima yapimwe kwa kifaa kila mwezi. Kifaa hakikuletwa. Kitabu nacho kikabaki kilekile. Nikaandika "hazionekani". Msimamizi wa kituo akanicheka mbele ya mafundi, eti Bubu leo kaandika barua. Akaniambia niweke sifuri. Nikaweka. Mwandiko ni wangu, sikatai.

Mnamo tarehe 9, saa moja na dakika kumi asubuhi, niliona kasha la tatu rafu ya kati limetoa tumbo. Nikamwambia msimamizi. Akafungua kitabu.

"Hapa umeandika ngapi?"

"Sifuri."

"Sasa unanisumbua nini?"

Aliyenisikiliza ni shemeji peke yake. Jana tarehe 11, saa nne kasoro robo asubuhi, akaenda kuliangalia. Likapasuka. Mafuta ya moto yalimpata usoni na mikononi. Yuko wodini, macho yamefungwa bandeji. Dada hajaniuliza kitu. Afadhali angeniuliza.

Leo msimamizi kakuletea kitabu, anasema uzembe ni wangu. Na wewe afande umeniuliza mara tatu nilihesabu fyuzi ngapi. Ziko ndani. Samahani, ni kama nikuhesabu meno na umefunga mdomo.

Yaliyovimba sasa ni la tano rafu ya juu na la kwanza rafu ya chini. Nimeyaona mwenyewe kabla ya kuja. Wakiwasha, fundi wa zamu atasimama hapohapo kando yake.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu, sikuongeza neno.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Dokezo la ofisa: Nimeandika kuanzia saa 8:55 hadi 9:40 alasiri, nikamsomea, akakubali ndivyo alivyosema. Akakataa kutia sahihi mpaka nipige simu. Kalamu aliiweka mezani, akasimama. Saa 9:46 nimempigia mkubwa wa msimamizi. Saa 9:53 amejibu kwamba hawatawasha. Shahidi ametia sahihi saa 9:55, ameelekea wodini.