Jani la Mnazi Njiani

Auckland, 16 Januari

Molima,

Huna macho, au huna adabu? Jani la mnazi limefungwa toka mti huu mpaka mti ule, usawa wa kiuno cha mtu mzima, nawe ukaliona takataka! Upepo umejua kufunga fundo tangu lini?

Habari zimenikuta kanisani, hata chai sijamimina. Jirani yetu Siale, aliyekuja na ndege ya Jumanne kutibiwa meno, kanishika mkono kama mfiwa. "Ataloma," kasema, "mjukuu wako kafagia njia yenu ya kwenda bwawa la mwambani. Kafagia na marufuku humohumo." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Jani lile ni mlango, mtoto wewe. Kijiji kimefunga mwamba wa pwani kwa sababu samaki kaloama wanaingia, na samaki wale wakishtuliwa hurudi kilindini, kijiji kizima kikala nyama ya kopo. Nawe umewashusha wageni saba wa kulipa, wamejipaka mafuta mwili mzima, wanapiga mbizi na kumpigia kelele nyoka wa baharini ambaye hata mdomo wa kumuuma mtu hana.

Nenda kwa Mzee Ikitule wa baraza. Nenda kwa miguu, usipige simu.

Nyonga mpya niliyowekewa huku inalia kama mlango mkavu, lakini nasimama. Wewe hujambo? Unakula?

Bibi yako

*

Kisiwa cha Niue, 20 Januari

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, nakula, ila nakula peke yangu. Dukani hakuna anayeitikia salamu yangu.

Naapa nilidhani ni uchafu wa tufani. Nilikuwa nimeamka mapema kufagia ngazi na kukaza kamba, nikitaka ukirudi uone njia inang'aa. Hilo fundo nililiona. Nikasema watoto wamecheza. Kule Auckland nilikokulia jani ni jani tu, Bibi.

Nilikwenda kwa Mzee Ikitule. Alikuwa anamenya magimbi ya taro, hakuniambia kaa. Akasema, "Binti, kikao ni tarehe thelathini. Wapo wanaotaka njia ya kwenu ifungwe kwa wageni moja kwa moja. Na mimi sijasema hapana."

Njia ikifungwa sina kazi hapa. Wageni ndio walionileta, wageni ndio wanaoniweka. Nimeulizia ndege ya tarehe mbili. Niambie tu nifanye nini na nyumba. Nipigilie mbao madirishani kama walivyofanya majirani?

Mjukuu wako,
Molima

*

Auckland, 23 Januari

Molima,

Mbao usiziguse! Ukipigilia hata moja nitakuja kuing'oa kwa meno, na meno yenyewe unajua yako mangapi.

Hesabu nyumba za kwetu kuanzia kanisani mpaka makaburini. Ngapi zina moshi? Watu wetu wamejaa huku Auckland wanaimba nyimbo za kisiwa na kulia machozi, lakini mwambie mmoja arudi akapande taro, utamwona anavyotafuta viatu. Wewe ulirudi. Mwaka wangu mzima nimetembea kifua mbele kwa sababu hiyo, ingawa sikukwambia, maana kichwa chako ni kikubwa tayari.

Mimi sikusoma. Najua kuandika barua na kusoma Biblia, basi. Lakini baraza nalijua. Usimtume mchungaji akusemee, wala usijifiche nyuma ya binamu zako. Simama mwenyewe useme kwa lugha yetu, hata kama unaivunja. Watacheka. Waache wacheke. Anayechekwa hafukuzwi.

Na upike. Usiende mikono mitupu kama mkaguzi.

Bibi yako

*

Auckland, 6 Februari

Mjukuu wangu,

Tarehe thelathini imepita, tarehe mbili imepita. Tufani imezuia ndege mbili na simu zenu zimekatika. Nimekwenda uwanja wa ndege na fimbo yangu, nikakaa mpaka wafagiaji wakanizoea. Hukushuka, kwa kuwa hakuna aliyeshuka. Sasa sijui umebaki au umekwama.

Uko salama? Paa lipo? Walisemaje? Niandikie mstari mmoja. Hata wa matusi.

Bibi

*

Niue, 9 Februari

Shikamoo Bibi yangu,

Paa lipo, mimi nipo, na mbao ziko stoo.

Nilipika taro kwa papai na tui, nikaingia ukumbini na sufuria yangu. Nikasimama. Maneno matatu tu, mama mmoja akasema, "Ee! Anaongea kama redio iliyolowa!" Ukumbi wote ukaanguka kicheko. Nikaendelea. Nikasema jani nililifungua kwa ujinga, si kwa dharau, na anayetaka kunifukuza anifundishe kwanza.

Mzee Ikitule akakohoa. "Mnamwonea bure. Bibi yake alivunja marufuku ya mwamba uleule akiwa na miaka kumi na tisa, kumfuata kijana wa kijiji cha pili. Tukamsamehe, na samaki wakaja." Bibi! Mbona hukuniambia?

Basi wakaamua: njia yetu haitafungwa moja kwa moja, ila mpaka marufuku iishe mlinzi ni mimi. Kila asubuhi nakaa penye jani na kuwarudisha wageni. Mmoja alifoka, "Nimesafiri siku mbili kuja kuogelea!" Nikamwambia, "Na samaki wamesafiri mwaka mzima, ndugu." Nikampeleka msituni kwenye mapango ya juu, nikamwonyesha jinsi ya kufunga nazi kwenye jiwe kumtega kaa wa nazi. Alichanika goti kwenye matumbawe makavu ya kule juu, na jana karudi na mkewe.

Ile ndege ya tarehe mbili nilikuwa nimeshaikataa kabla tufani haijaizuia.

Na Bibi, juzi bahari ilipotulia kaloama waliingia. Maji ya mwambani yalikuwa yanachemka kwa samaki. Mzee Ikitule alivua kofia.

Mjukuu wako,
Molima

*

Auckland, 13 Februari

Molima,

Barua yako nimeisoma nimesimama, fimbo iko ukutani. Nikaisoma tena. Kisha nikakaa nikalia kidogo, na ukimwambia mtu nitakukana.

Ikitule ni mwongo mkubwa. Nilikuwa na miaka ishirini. Na yule kijana ndiye babu yako, kwa hiyo nyamaza.

Siale ameniletea habari kwamba mwamba unafunguliwa Jumamosi. Daktari ananiachia mwezi ujao, sitawahi. Basi sikiliza. Jumamosi uache wageni walale. Chukua mwanzi wangu wa kuvulia ulio nyuma ya jiko, ushuke na wanawake wenzako, utembee nyuma ya wakubwa, usipige picha hata moja. Samaki wa kwanza usionje. Wapelekee wazee wasioweza tena kushuka. Anza na Ikitule, na usiondoke mlangoni kwake mpaka akwambie kaa.

Bibi yako