Naota Moto

Shikamoo, mama. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haingii jikoni kwa mwenzake kimya kimya.

Nimekaa hapa kwako Kasulo, kwenye kile kigoda ulichokuwa ukisema kimezeeka kuliko wewe. Ukungu bado haujapanda mlimani. Nyumba nzima ni mimi na kuku wako wawili, na hao kuku hawanipendi.

Unakumbuka nilipokuja likizo kutoka chuoni, nimejaa kiherehere cha msomi mpya? Wewe unachambua maharage, mimi nakuhubiria uchanganuzi wa nafsi: tiba ya mgonjwa kulala kwenye kochi na kusema lolote linalomjia, hata ndoto zake, na daktari kusikiliza tu. Nikakwambia ilianzia Vienna, kule Austria. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia, madaktari wake wengi wakakimbia, wakaenda nayo London, Marekani, hadi Argentina.

"Kumbe nayo ni mkimbizi," ukasema. "Huko ilikofika, ilipewa shamba?"

Tulicheka wote. Kisha nikatoa dodoso langu. Nyumbani tulizoea Kirundi, lakini karatasi ilikuwa ya Kiswahili, basi nikauliza kama ilivyoandikwa: "Mama, huwa unaota nini?"

Uliacha maharage, ukanyoosha mikono juu ya mafiga. "Naota moto."

Nilicheka mpaka kalamu ikanidondoka. "Mama jamani, nauliza ndoto, sikuulizi baridi!"

Ulinitazama kidogo, ukarudi kwenye ungo wako. "Haya. Andika hakuna."

Nikaandika hakuna. Chuoni nilikisimulia kisa hicho, darasa zima likavunjika mbavu.

Juzi, baada ya matanga, mama mdogo alibaki kunisaidia kukunja nguo zako. Akashika lile blanketi la kijivu lililochanika, nikamwambia tulitupe.

"Usiritupe," akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kirundi. "Turipofika Tanzania, wewe hujazariwa, dada arikuwa anashituka usingizini, anaripiga ukutani. Anazima moto."

Sikumuuliza kitu. Alinieleza mwenyewe jinsi nyumba yenu ilivyochomwa kule Burundi, na kwamba bibi, huyo ninayeitwa jina lake, hakutoka ndani. Nilijua bibi alikufa kwa homa. Ndivyo ulivyoniambia, na sikuwahi kuuliza zaidi.

Sasa nina chumba cha ushauri Ngara mjini, viti viwili, kochi sina. Watu hutoka mbali, hata Bugarama, kuja kusema nami, na wananisifu kwamba najua kusikiliza. Mama, aibu inanila. Wakishaondoka naangalia kiti kitupu na mtu ninayemtaka pale ni wewe, na ungo wako, na hata ukinitania. Sina wa kumwambia haya. Msikilizaji wa watu hana msikilizaji.

Lile dodoso bado ninalo. Asubuhi hii nimewasha kuni zako, nikanyoosha mikono kama wewe, nikalikata neno hakuna kwa kalamu. Sikuweza kuandika lingine. Tiba ile ilivuka nchi zote hizo ikafika hadi jikoni kwako, mkimbizi kwa mkimbizi, nami niliyeileta nikakosa maneno mawili tu. Nayasema leo, nimechelewa:

Moto gani, mama?

Ni mimi binti yako, niliyeandika hakuna.