Neno Jekundu Kwenye Kibao cha Jibini

Ndosho, Goma, 6 Machi 2023

Héritière mwanangu,

Umeamkaje huko Kampala? Kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, goti langu tu ndilo linalolalamika mvua ikikaribia.

Nina furaha. Nilituma jibini moja kwenye hoteli kubwa ya kando ya ziwa, mpishi wao aonje. Katoni ilirudi na mwenye pikipiki, na juu yake mpishi ameandika kwa Kiingereza: GROSS. Kumbe Kiingereza ni Kifaransa kilichoongezwa herufi. Gros, yaani anataka kununua kwa jumla. Hata jibini iliyobaki amenirudishia, mtu wa adabu. Nimemwita Onésime mchoraji aliandike neno hilo kwenye kibao changu, jekundu, chini ya jina langu.

Mama yako

Kampala, 9 Machi

Mama mpendwa,

Pole na goti. Kikohozi kimeisha. Lakini Mama, keti kwanza.

Gross si gros. Ni neno la mtu aliyekunja pua. Wenzangu wanalisema wakikuta unywele ndani ya mchuzi, au mtu akipenga kamasi mezani. Ofisini lina maana nyingine, ya jumla kabla ya makato, ila kwa chakula ni moja tu: kinyaa. Nimelia nikikuandikia. Teremsha kibao, watu wasikucheke.

Mutoto wako

Kampala, 24 Machi

Mama, salamu tena. Wiki mbili kimya. Umenikasirikia? Shangazi Marie-Claire anasema kibao bado kiko juu na watu wanakipiga picha. Niandikie hata mstari mmoja.

Mutoto wako

Ndosho, 2 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima, na goti limetulia. Sikukukasirikia wewe. Siku tatu sikugusa maziwa. Miaka ishirini na miwili ninatengeneza jibini, ninyi nyote mmesoma kwayo, halafu herufi tano tu zinanivua nguo barabarani. Iliniuma sana.

Siku ya nne niliinusa ile katoni. Ilikuwa ya sambaza, wale dagaa wa ziwani. Niliiokota mwenyewe sokoni bila kuangalia, na jibini ikasafiri ndani ya harufu ya samaki. Kosa langu, nalikubali. Basi nikafunga jibini nyingine kwa kitambaa cheupe, nikaipeleka mwenyewe. Mpishi ni kijana wa Nairobi, Kiswahili chake cha redioni.

"Kula, niko naangalia," nikamwambia.

Alikula, akakata tena mara tatu. Akaomba kumi na mbili kila wiki.

"Sitakuuzishia, papa, mupaka ukuje kufuta ile neno na mukono yako."

Akajitetea kwamba aliwaandikia watu wa stoo tu. Nikakunja kitambaa changu, nikaondoka.

Jana alikuja Ndosho. Mtaa mzima ulitoka, hata wale wa picha. Alipoifuta herufi ya mwisho, jirani yetu Niyitegeka alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Kijana wa watu alikuwa anatetemeka huko juu, kwa hiyo ngazi nilimshikia mimi.

Mama yako, Béata wa Jibini