Kodi ya Kichwa na Kichwa cha Gunia

Bi Naila, shikamoo, nakuandikia nikiwa nimelala kifudifudi maana mgongo haukubali kiti, unisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni mbebaji hapa Mbugani, Kyela, kwetu Kondoa, mwaka wa nne sijafika nyumbani, nampakilia mchele tajiri mmoja, Mzee Shabani. Serikali ilitangaza biashara ni huria nasi tukafurahi, lakini uhuru unaishia geti la ushuru, pale kila gunia linatozwa sawa, liwe kubwa liwe dogo, basi matajiri wakaanza lumbesa, gunia la debe sita linashindiliwa debe nane na kushonewa kichwa juu, na mshonaji, nisikufiche, ni mimi. Wakubwa walipoona magunia yamepungua wakapandisha ushuru, na sisi tukaongeza debe la tisa. Mbebaji mwenzangu Asajile akilitazama gunia husema, "Dulla, hili lina mimba ya mapacha, litazalia mgongoni mwako." Nikamlalamikia Mzee, akanijibu, "Mwanangu, mimi sikuwatuma wahesabu magunia badala ya kupima kilo."

Juzi karani wa geti kanikuta sina stakabadhi ya kodi ya kichwa. Akasema, "Ijumaa nionyeshe ghala la magunia yenye vichwa, nami nitasahau kichwa chako." Nikikataa nalala ndani, nikikubali nimemuuza tajiri aliyenipokea nikiwa sina hata ndala. Nifanyeje?

Dulla, mbebaji

Marahaba, Dulla. Pole kwa mgongo, ila sindano ilikuwa mkononi mwako. Ulipokuwa ukishona, ulidhani nani atabeba?

Shabani usimuuze. Si malaika, maana mkulima wa kijijini Talatala anamwaga debe tisa kwa bei ya gunia la debe sita, lakini akifungwa yeye Ijumaa, Jumamosi mwingine atashindilia vilevile. Kinachonenepesha gunia ni ushuru wenyewe. Ukitoza gunia, watu watapunguza magunia. Hata muuza vitumbua analijua hilo. Serikali haiwezi kutangaza njia iko wazi, ikafunga kamba katikati, kisha ishangae watu wanapita wameinama. Na aliyeinama kuliko wote ni wewe.

Kodi yako kailipe kesho, hata ukiilaani huku unalipa. Stakabadhi ikae mfukoni, karani asiwe na pa kukushikia. Akija Ijumaa aione hiyo, na ghala alitafute mwenyewe.

Halafu tupa sindano. Wewe na Asajile na wabebaji wote mwambieni Shabani kwa adabu: debe sita, zaidi ya hapo abebe yeye. Mmoja akikataa atafukuzwa; mkikataa wote, mchele utaoza na atawasikiliza.

Siku madiwani wakikutana, bebeni lumbesa moja, ya mwisho, mkaitue mbele ya meza yao. Semeni mnataka ushuru mdogo, utozwe kwa kilo, tena mara moja tu kwa kila mzigo. Wakijibu haiwezekani, msibishane. Ondokeni, gunia mliache palepale. Aliyelipandishia ushuru ndiye alinyanyue.