Hereni Ndani ya Unga

Jumapili, 3 Machi

Binti yangu kaniita mwongo. Neno lenyewe hakulitamka, ana adabu yake, lakini ndiyo maana yake. Anataka kutogwa masikio. Nikamwambia asubiri afike miaka kumi, mimi mwenyewe nilitogwa nikiwa na kumi, kwa nesi, na sikio moja likavimba. Akasema: mbona kwenye filamu una hereni na una miaka saba?

Filamu yenyewe ni ile ya mbuzi. Watoto watatu wanaficha mbuzi ndani ya nyumba ya kupanga, mwenye nyumba ananusanusa kila kona. Mimi ndiye yule mdogo anayejificha kwenye pipa la unga, halafu anaibuka mweupe pe na kucheka mpaka mwenye nyumba anatimua mbio akidhani kaona mzuka. Mtaa mzima unakijua kicheko hicho. Picha yake ndiyo iko kwenye kibao cha duka langu la mikate. Watu wazima na ndevu zao bado wananiita Pipa.

Tukaiweka. Akasimamisha picha, akaenda mpaka kwenye tivii, akagusa kwa kidole. Kwenye ndewe ya sikio, katikati ya unga wote ule — kitone cheusi. Nikasema ni uchafu wa filamu, ya zamani hii. Akaniangalia tu.

Jumatatu, 4 Machi

Machale yananicheza. Nimeirudia peke yangu kabla ya kufungua duka. Tunapomlaza mbuzi kitandani: masikio matupu. Kwenye pipa: hereni. Baada ya pipa, ninapoogeshwa kwenye beseni: matupu tena. Jamani, mtoto anatogwa masikio ndani ya pipa na yanaziba kabla hajaoga?

Nikampigia mama. Nilizunguka kwanza, nikamuuliza hali ya miguu, nikamuuliza dawa. Kisha: hivi mama, mimi nilitogwa lini? Kimya. Mama yangu kukaa kimya kwenye simu anayolipia mwingine! Halafu akasema kuna mtu anabisha hodi. Geti lake ni la bati, likigongwa majirani wote wanaitika. Mimi sikusikia kitu.

Na hili nalo: Jumamosi watu wa televisheni wanakuja dukani kunihoji. Filamu inatimiza miaka thelathini. Nilipowauliza namba yangu wameipata wapi, wakasema kwa ndugu yako. Ndugu ninaye mmoja tu.

Jumatano, 6 Machi

Dada kapita kuchukua mkate wake akitoka kushona mapazia. Kanizidi mwaka mmoja. Sikumwangalia usoni, nilimwangalia masikio. Yeye alitogwa na bibi akiwa mchanga. Nilipozaliwa mimi bibi alikuwa keshafariki, ndiyo maana yangu yalichelewa.

Nikamuuliza kama aliwapa watu wa televisheni namba yangu. Ndiyo. Walikutafuta? Hapana, niliwapigia mimi. Kwa nini? Basi tu, akasema, akakunja mfuko wa mkate mara mbili, akaondoka.

Dada hafanyi kitu basi tu. Huyu hata uzi haukati bila kupima.

Nimekumbuka kitu kingine. Mama akiwawekea wageni ile filamu, dada huinuka kwenda jikoni pipa likikaribia. Kila mara. Nilikuwa nasema ni wivu, nikamsamehe. Na kicheko chake? Hufunika mdomo kwa kiganja na kupumulia puani. Dada yangu mwenyewe, na sijui anavyocheka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejifungia stoo nijaribu kucheka kile kicheko. Mwokaji akaja mbio na maji, alidhani nimepaliwa.

Lakini giza la pipa nalikumbuka. Unga puani naukumbuka. Au nakumbuka nilivyosimuliwa? Sasa hata mimi mwenyewe sijiamini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa mama. Safari hii sikuzunguka.

Kwanza akasema macho yangu mabovu. Kisha akasema kamera za zamani zilikuwa hazieleweki. Nikakaa, nikavua viatu, nikamwambia siendi popote. Ndipo akaanza kuongea huku akikunja shuka ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

Nililikataa pipa. Nililia mpaka nikatapika. Watu wamechoka, mwongozaji kafura. Dada yuko pembeni anakula zake, walishamkataa kwenye majaribio, walisema meno yake yamepishana. Mama akamvuta nyuma ya gari, akamvika gauni langu, akamtumbukiza. Akishajaa unga nani atajua? Na mwongozaji? Alijua, akasema mama. Alisema, kumbe huyu ndiye.

Kumbe huyu ndiye.

Akamwambia dada anyamaze kidogo tu, filamu itoke kwanza, wasije wakaniondoa. Filamu ikatoka. Nikaanza kuitwa Pipa, nikanenepa kwa sifa. Mama akawa anangoja siku nzuri ya kusema. Nikamuuliza siku hiyo ingefika lini. Akasema: mwanangu, nyote mlitoka tumbo hili, kicheko kilikuwa cha nyumba. Kisha akaniomba kesho nisiseme. Eti nitamvua nguo uzeeni, mbele ya nchi nzima.

Na dada je? Aliwaita makusudi. Ili nianikwe chini ya kibao changu mwenyewe, mikate ibaki inaniangalia? Nimemkasirikia. Najua sina haki. Nimemkasirikia hivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Naandikia stoo, juu ya gunia. Betri ya kamera imekwisha, wanaweka nyingine. Mungu ana huruma zake.

Maswali ya mwanzo niliyapiga chenga. Mbuzi alikuwa na tabia gani, chakula kilikuwaje. Kisha mtangazaji akasema: sasa Pipa, tupeleke kwenye pipa lenyewe, halafu utuchekee kile kicheko. Mama, kwenye kiti karibu na oveni, akainamia viatu vyake. Binti yangu alikuwa anaangalia masikio ya mama yake mkubwa. Huyu keshajua. Dada kasimama mlangoni na mkoba begani, hajakaa tangu aje. Nikafungua mdomo — betri ikafa.

Nikamvuta dada huku stoo. Nikamwambia: umewaita ili uniumbue.

"Hapana," akasema. "Nilitaka kukusikia ukiulizwa na mtu baki. Miaka yote hii nilijua unajua, umenyamaza tu."

Nikamwambia sikujua mpaka Jumapili. Akanitazama nilivyomtazama mimi wiki nzima, sikio kwa sikio. Sidhani kama aliniamini. Akatoka.

Miaka thelathini yangu ya kusifiwa, thelathini yake ya kunishuku. Na mimi nilikuwa nikimletea keki siku ya kuzaliwa, keki yenye picha ya pipa! Natamani ardhi ipasuke.

Wananiita. Pipa, tuko tayari, tuanze na kicheko.

Nimeinuka vibaya. Gunia la juu limeniangukia na lilikuwa wazi. Unga kichwani, unga machoni, hata ukurasa huu umejaa, naufuta kwa kiwiko ndipo kalamu ipite. Dada kachungulia kuniita, akanikuta hivi nilivyo, mweupe pe.

Akacheka. Bila kiganja, meno yote nje. Kile kile.

Kiganja amekirudisha mdomoni, kimechelewa. Nyuma yake mtangazaji anauliza, nani huyo amecheka?

Dada ananiangalia mimi.