Kwa Nini Mabati Hulia

Mwende mjukuu wangu, sasa? Huku Kawangware tuko salama, na mamako amepata kibanda cha mboga pale stejini Satellite.

Umeniuliza uandike nini kwenye barua ya maombi ndio ile shule kali ikuchukue. Mimi nilipoitwa kuhojiwa shule kama hiyo, mwalimu mkuu alimaliza kwa kusema, "Una swali?"

Nikauliza, "Mbona mabati ya kwetu Kibera hulia jua likizama?"

Akamwita mwalimu wa sayansi, wakabishana mbele yangu mpaka wakasahau kwamba niko hapo. Nilitoka nikiitamani ile shule zaidi kuliko nilipoingia. Nao wakanichukua.

Wewe je, kuna kitu gani unajiuliza hata kama hakiko kwenye mtihani? Waandikie hicho. Hata mimi nataka kukijua.

Nyanyako, Kalekye