Kwa Nini Ulitajwa Mwisho

Mirongo, Mwanza

Dada Evelina,

Shikamoo. Mama anakula kidogo, na yule mbuzi uliyemsema ni tasa amezaa mapacha.

Ulivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga bila kuaga, na sikulaumu. Mzaliwa wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini. Wewe, mzaliwa wa kwanza, kwenye mazishi ya Baba ulitajwa wa sita, nyuma hata ya Queen, kitinda mimba. Halafu shangazi Paskazia akanong'ona, kwa ile sauti yake inayofika barabarani: "Si alizaliwa kabla ya ndoa huyo?"

Hakuna aliyekupanga hivyo. Majina ya watoto wa Baba yamo kwenye kompyuta yangu. Niliiamuru iyaunganishe yawe mstari mmoja wa ratiba ya mazishi, sikuiambia ifuate tarehe za kuzaliwa. Zamani yalitoka sawa kwa kuwa nilikuandika wewe kwanza. Siku Baba alipofariki nilirekebisha namba yako ya simu ili nikupate. Mashine ikakuandika upya, chini ya wote, ikaunganisha kama ilivyokuta.

Hayo nimemweleza kila mtu. Wewe nakuambia na lililobaki: kosa nililiona karatasi zikiwa bado za moto. Nilikuwa nimechoka, nikasema nani atajali.

Sasa nimeiamuru ifuate tarehe za kuzaliwa. Nimeyavuruga majina mara tisa ili niijaribu, na mara zote umetoka wa kwanza. Fundi wa jiwe la kaburi anayataka. Nimemwambia asichonge herufi hata moja mpaka mwenye jina la kwanza aje asimame pale.

Mdogo wako aliyekuudhi,
Nathaniel